Catch One: miaka 42 ya buati ya Los Angeles iliyowapokea waliokataliwa kwingine

Jewel Thais-Williams alifariki tarehe 7 mwezi wa saba mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 86. Huku Goma, Bukavu ama Uvira, ni wachache waliowahi kusikia jina lake. Lakini katika mji wa Los Angeles, magharibi mwa Marekani, kuna watu wa zaidi ya kizazi kimoja waliomhesabu kama mama yao, hasa mashoga weusi na wanawake weusi wenye kupenda wanawake, ambao kwa miaka mingi hawakuwa na mahali pengine pa kwenda kucheza dansi bila kujificha.

Mama huyo alikuwa mwenye buati. Kuanzia mwaka 1973 hadi 2015 aliendesha Jewel's Catch One, kwenye barabara ya Pico. Ilikuwa moja kati ya buati za kwanza nchini Marekani kumilikiwa na mtu mweusi na kuwapokea mashoga weusi waziwazi. Miaka 42 ni mingi sana katika kazi ya usiku. Kila mwenye nganda anajua hilo: muziki unabadilika, vijana wanahamia kwa jirani, mwenye nyumba anapandisha kodi, na mlango unafungwa. Catch One ilivuka enzi ya disko ikafika ya hip hop. Ilipita polisi, moto na SIDA. Kilichokuja kuishinda mwishoni kilikuwa kitu kingine kabisa.

Mtaa, sheria na polisi

Barabara ya Pico inatoka katikati ya mji wa Los Angeles na kwenda moja kwa moja hadi Santa Monica, baharini. Catch One iko kati ya hapo, katika mtaa wa Arlington Heights. Zamani, katika sehemu nyingi za mji huo, mikataba ya kuuza nyumba ilikuwa na kifungu kinachomkataza mnunuzi kumuuzia mtu mweusi. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema majaji hawawezi tena kulazimisha vifungu hivyo, na familia za weusi zikazidi kuingia katika mitaa ya upande huo. Miaka ya 1960 serikali ikapasua barabara kuu ya magari katikati ya nyumba zao, mahali palipoitwa Sugar Hill, si mbali na hapo.

Huo ndio upande wa mji ambako Jewel alitafuta jengo. Na mwaka alioutafutia haukuwa mwepesi kwa mashoga. Katika jimbo la California, tendo la mapenzi kati ya watu wazima wa jinsia moja lilikuwa bado kosa la jinai. Sheria iliyoliondoa ilipitishwa mwaka 1975 na ikaanza kufanya kazi tarehe 1 mwezi wa kwanza 1976. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka miwili ya mwanzo, wateja wengi wa buati hii walikuwa watu ambao mapenzi yao peke yake yalitosha kuwafikisha mbele ya jaji.

Polisi wa Los Angeles walijua namna ya kuitumia sheria hiyo. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1967 waliingia katika baa iitwayo Black Cat, wakawapiga wateja na kuwakamata wanaume waliobusiana saa sita ya usiku, saa ambayo kila mtu Marekani hubusiana. Mwezi wa pili watu waliandamana mbele ya baa hiyo. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka miwili kabla ya ghasia za Stonewall, New York, ambazo dunia inazikumbuka zaidi.

Kulikuwa pia na kizuizi kingine, ambacho leo kinachekesha. Hadi mwaka 1971, sheria ya California ilimkataza mwanamke kumimina pombe nyuma ya kaunta, isipokuwa kama yeye ndiye mwenye leseni ama ni mke wa mwenye leseni. Mahakama Kuu ya jimbo iliifuta mwaka huo. Miaka miwili baadaye, mwanamke mweusi alinunua baa nzima.

Muuza nguo aliyegeukia pombe

Jewel alizaliwa Indiana mwaka 1939, akakulia San Diego, kusini mwa California, na akasoma historia katika chuo kikuu cha UCLA. Hakutoka katika kazi ya baa. Yeye na dada yake walikuwa na duka la nguo za wanawake. Uchumi ulipoyumba wakati wa rais Nixon, wateja waliacha kununua magauni, naye akaanza kutafuta biashara ambayo haifi watu wanapokosa pesa. Jibu alilolipata, muuzaji yeyote wa Primus kule Kadutu angempa bila kufikiri.

Jengo alilochukua lilikuwa la ghorofa, na baa iliyokuwemo iliitwa Diana. Alilipa jina jipya. Catch One, kwa Kiswahili, ni kama kusema “pata mmoja”, na mtu anayetoka usiku wa siku ya posho haitaji kufafanuliwa anaenda kupata nini. Wateja walifupisha wakasema tu “Catch”. Baadaye ghorofa ya juu iligeuzwa ukumbi mkubwa wa dansi, na baa ikabaki chini.

Mlangoni

Ili kuelewa kwa nini watu walijaa, ni lazima kuangalia kilichokuwa kinafanyika kilometa chache kutoka hapo, West Hollywood, mtaa uliojulikana kama nyumbani kwa mashoga wa Los Angeles. Buati kubwa ya huko, Studio One, ilifunguliwa mwaka 1974. Mashoga wazungu walikuwa wakiingia bila shida. Mtu mweusi ama mwanamke alipofika mlangoni, aliombwa kitambulisho. Akitoa kimoja, anaombwa cha pili. Akitoa cha pili, anaombwa cha tatu, chenye picha. Watu walifanya maandamano dhidi ya utaratibu huo, na ukaandikwa sana katika magazeti.

Mtu wa Kivu aliyewahi kusimamishwa kwenye barieri anaelewa mara moja. Karatasi wanayoitaka si karatasi. Ni njia ya kukwambia urudi ulikotoka bila kutamka neno hilo.

Shoga mweusi wa Los Angeles alikuwa amefungiwa milango miwili. Katika buati za mashoga alikataliwa kwa sababu ya ngozi. Katika kanisa lake na mara nyingi katika nyumba ya wazazi wake, hakuweza kusema anampenda nani. Kwa Jewel hakuombwa chochote zaidi ya kile kinachoombwa mlango wa buati yoyote. Walikuja wanaume, wanawake, watu waliozaliwa wakiitwa wavulana na kuishi kama wanawake, na pia majirani wa mtaa waliopenda wanawake kama wanaume wengi wanavyowapenda, ila walipenda muziki mzuri zaidi.

Na muziki ulikuwa mzuri. Mwaka ule ule wa 1973, wimbo wa Mkameruni Manu Dibango, Soul Makossa, ulikuwa unatikisa kumbi za Marekani. Aliyeanza kuupiga New York ni David Mancuso, katika karamu zake za usiku zilizoitwa The Loft, ambapo wachezaji wengi walikuwa mashoga, weusi na wazungu pamoja. Dibango mwenyewe alikuwa amepiga saksafoni na kinanda katika African Jazz ya Joseph Kabasele, Grand Kallé, na kuishi Léopoldville mwanzoni mwa miaka ya 1960. Anayedhani disko ilizaliwa kwa wazungu na kuletwa Afrika kwa kaseti, akumbuke safari hiyo.

Sylvester, mzaliwa wa Los Angeles aliyeimba kwa sauti nyembamba na kuvaa nguo za kung'aa, alipita Catch One. Thelma Houston pia. Mwaka 2000 Madonna alichagua buati hiyo kufanyia sherehe ya kutoa albamu yake Music. Magazeti yalizoea kuiita Studio 54 ya magharibi, wakifananisha na ile buati maarufu ya New York.

Sifa hiyo ilikusudiwa kuwa nzuri, lakini haikai vizuri. Studio 54 ilifunguliwa mwezi wa nne 1977, na mwanzoni mwa 1980 wenye mali walikuwa gerezani kwa kukwepa kodi. Jina lake lilijengwa na kamba ya mlangoni: mwenye buati alisimama nje akichagua kwa kidole nani aingie na nani abaki kwenye baridi. Catch One ilidumu zaidi ya mara kumi ya muda huo, na ilijengwa juu ya wazo lililo kinyume.

Polisi hawakuacha kuja. Waliingia wakati dansi imepamba moto, wakawasha taa, wakahesabu watu, wakatafuta kosa. Kisha mwaka 1985 moto uliteketeza ghorofa ya juu. Wengi waliamini uliwashwa kwa makusudi. Ilichukua karibu miaka miwili kurudisha ukumbi, na kwa biashara yoyote ya usiku, miaka miwili bila ukumbi ni kifo. Jewel aliujenga upya.

Wateja waliokuwa wanapungua

Wakati huo kulikuwa na sababu nyingine ya ukumbi kuwa na nafasi. Tarehe 5 mwezi wa sita 1981, jarida la kituo cha serikali ya Marekani cha kuchunga magonjwa lilichapisha habari fupi juu ya vijana watano, wote mashoga, waliougua aina ya nimonia isiyo ya kawaida. Wote watano walitibiwa Los Angeles. Ilikuwa habari ya kwanza rasmi ya ugonjwa uliokuja kuitwa SIDA.

Catch One ilikuwa katika mji huo huo. Mteja aliyekuja kila juma alianza kukonda, kisha hakuonekana. Jirani yake wa dansi alimtafuta, kisha naye hakuonekana. Familia nyingine zilikataa hata kuchukua maiti. Na katika mitaa ya weusi kulikuwa na hatari ya ziada: wengi walidhani huo ni ugonjwa wa mashoga wazungu wa West Hollywood, kwa sababu vikaratasi vya mafundisho vilikuwa na picha za wazungu na viligawiwa kwa wazungu.

Mwenye buati angeweza kusema kazi yake ni kuuza vinywaji. Jewel aligeuza buati kuwa mahali pa kuchanga pesa na kutoa habari. Alishirikiana na mchungaji Carl Bean, mwimbaji wa zamani wa kampuni ya Motown, ambaye mwaka 1977 aliimba wimbo wa disko akijitangaza kuwa shoga bila aibu, kisha akaanzisha kanisa lililopokea mashoga weusi. Mwaka 1985 Bean alianzisha Minority AIDS Project, shirika la kuwahudumia wagonjwa weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini, na Jewel anahesabiwa kati ya walioliasisi. Alikaa pia katika uongozi wa AIDS Project Los Angeles.

Halafu yeye na mwenzake wa maisha, Rue, walifungua Rue's House, nyumba ya kuwakalisha wanawake wenye virusi vya SIDA pamoja na watoto wao. Hapa msomaji wa Kongo ana kitu cha kukumbuka. Huko Kinshasa, tangu mwaka 1984, watafiti wa Projet SIDA, Wazaire pamoja na Wamarekani na Wabelgiji, walikuwa wameonyesha wazi kwamba wanawake wanaambukizwa sawa na wanaume. Marekani ilichelewa sana kuisikia habari hiyo. Hadi mwaka 1993 orodha rasmi ya dalili za SIDA nchini humo haikuwa na kansa ya mlango wa kizazi, na mwanamke aliyekuwa na virusi na akaugua kansa hiyo angeweza kukosa msaada wa serikali kwa sababu hakuhesabiwa kuwa na SIDA. Mwenye buati mmoja wa barabara ya Pico hakungoja orodha ibadilishwe.

Miaka ya 1990 ilipoendelea, dawa zikapatikana, na mazishi yakapungua. Wakati watu wengine wa umri wake walikuwa wanafikiria kupumzika, Jewel alirudi shuleni. Alisoma tiba ya asili ya Kichina katika chuo cha Samra, Los Angeles, na akamaliza mwaka 1998. Mwaka 2001 alifungua kliniki, Village Health Foundation, ukuta kwa ukuta na buati yake. Aliwapokea watu wa mtaa wenye sukari, presha na maumivu ya mgongo, wengi wao wakiwa hawana pesa za hospitali, akawachoma sindano nyembamba za Kichina na kuwafundisha namna ya kula. Tiba hiyo haiondoi virusi vya SIDA, na dawa za hospitali zilibaki dawa. Lakini mtu aliyekuwa anaogopa hospitali alikuwa na mahali pa kuanzia, kwa mama aliyemjua tangu ujana wake.

Huku kwetu mwenye nganda huitwa mama na wateja wake, na mara nyingi ni adabu tu. Kwa Jewel neno hilo lilikuwa na kazi: mchana sindano, usiku disko, katikati akipokea simu ya mtu aliyefukuzwa nyumbani.

Milango mingine ilipofunguka

Kufikia mwaka 2015 ukumbi ulikuwa haujai tena kama zamani. Si kwa sababu ya polisi, wala moto. Kijana shoga mweusi wa Los Angeles alikuwa anaweza kwenda West Hollywood akaonyesha kitambulisho kimoja na kuingia. Aliweza kumpata mpenzi kwenye simu yake akiwa amelala kitandani, bila kulipa kiingilio. Mwezi wa sita mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu ndoa za jinsia moja nchi nzima. Baa nyingi za mashoga zilikuwa zinafunga mlango katika miji ya Marekani kwa sababu hizo hizo.

Jewel alikuwa na miaka 76. Aliuza jengo katikati ya mwaka huo, na usiku wa mwisho ulifungwa kwa dansi.

Hapo ndipo penye ugumu. Buati iliyozaliwa kwa sababu watu wanakataliwa kwingine inapoteza sababu ya kuwepo siku wanapokubaliwa kwingine. Mtu angeweza kusema ni ushindi, na kwa sehemu ni ushindi kweli. Lakini kuruhusiwa kuingia mahali si sawa na kuwa nyumbani. Kule West Hollywood mteja ni mteja. Hakuna anayejua kwamba mama yako hajaongea nawe tangu Pasaka, wala anayekuuliza kama umekunywa dawa. Waliozoea Catch One walihama kutoka mahali pamoja kwenda mahali pengi, na hakuna hata pamoja kati ya hapo palipobeba mambo yote ambayo ukumbi wa Pico ulibeba.

Filamu ya C. Fitz juu ya maisha ya Jewel na buati yake ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na baadaye ikapatikana kwenye Netflix. Mwaka 2019 halmashauri ya mji wa Los Angeles ilitoa jina lake kwa njia panda ya Pico na Norton, karibu na mlango ambao polisi wa mji huo huo walikuwa wakiuingilia zamani.

Wenye mali wapya, familia iliyozoea kazi ya kumbi za muziki, waliendelea kutumia jengo kwa kazi ya usiku. Walilipa jina jipya, Union. Halikushika. Baada ya muda waliamua kurudisha lile la mwanzo, na bendi na madijei wa siku hizi wanapotangaza maonyesho yao katika jengo hilo la Pico, jina linaloandikwa kwenye bango ni Catch One.